Tumekula Cheti cha Kijana Wetu

Twataka kusema neno ambalo wengi hawatalipenda. Sisi wenyewe hatulipendi, maana latushitaki sisi kwanza kabla ya kumshitaki mtu mwingine. Neno lenyewe ni hili: karamu za mahafali tunazowafanyia vijana wetu wanaotoka katika vyuo vikuu vidogo vya makanisa zimeanza kuila ile elimu tunayodai kuishangilia. Wala hatusemi kwa mafumbo. Tumeona kwa macho yetu, na mikono yetu ilikuwamo.

Katika usharika wetu, hapa chini ya mlima Meru, yuko kijana mmoja, mwana wa mjane, aliyesomea ualimu kwa muda wa miaka mitatu katika chuo kimoja cha kanisa. Jina lake hatulitaji, wala la chuo, kwa kuwa hao wawili si washitakiwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 habari zilienea kwamba amekwisha kufanya mtihani wa mwisho, na ya kuwa mahafali yatakuwa mwezi wa Novemba. Basi ikaundwa kamati ya watu tisa. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, na sisi tukachaguliwa kutunza fedha, kwa sababu watu husema mwalimu hakosei hesabu. Kadi zikapigwa chapa, jina la kijana kwa rangi ya dhahabu. Watu wakaandika ahadi zao. Tukawafuata nyumbani, sokoni, hata mlangoni pa kanisa, na wengine tukawakumbusha kwa simu asubuhi na jioni mpaka wakatuma. Zikapatikana Sh. 2,350,000/-. Hapana aliyekumbuka kuona kitongoji chetu kikichanga fedha nyingi namna hii kwa ajili ya mtoto mmoja. Wengi walijisifu kwa jambo hilo, na sisi pamoja nao.

Mwezi wa Septemba kijana alikuja nyumbani kwetu usiku. Alitoa shikamoo, akaketi, akanywa chai, akakaa kitambo kirefu bila kusema neno. Ndipo aliposema, "Mwalimu, chuoni nadaiwa Sh. 640,000/-. Ni baki la ada ya mwaka wa tatu. Waliniruhusu kufanya mtihani kwa ahadi, lakini nisipolipa jina langu halitaingia katika orodha. Je, kamati haiwezi kunikopesha kwanza?" Tukamjibu kama watu wa haki. Tulimwambia, "Mdogo wetu, fedha hizi watu wamezitoa kwa ajili ya sherehe. Kuzigeuza matumizi ni sawasawa na kuziiba." Akasema, "Nimeelewa, Mwalimu," akaaga akaenda zake. Mama yake hakumwambia neno, kwa haya. Na sisi usiku ule tulilala usingizi mwema, tukijiona waaminifu.

Siku ya mahafali tulisafiri tangu alfajiri, wanawake wamevaa vitenge vya sare. Wahitimu wakaingia kwa maandamano, wahadhiri nyuma yao kwa majoho ya rangi, na mwisho askofu, ambaye ndiye mkuu wa chuo. Mama wa kijana alikuwa amepewa kile kitabu kidogo chenye majina ya wahitimu wote. Mama huyu anasoma vizuri. Amekuwa mwandishi wa Umoja wa Wanawake katika usharika kwa miaka mingi. Alipitisha kidole chake juu ya majina ya ualimu tangu la kwanza hata la mwisho, kisha akarudi juu, akaanza tena. Halafu akatuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mbona silioni jina la mwanangu?" Hatukuwa na la kumjibu, kwa kuwa jibu tulilijua tangu Septemba. Kijana mwenyewe tulimkuta nje ya uzio, amevaa shati jeupe na tai, bila joho.

Tukarudi. Nyumbani watu zaidi ya mia tatu walikuwa wanangoja, na ndafu mbili zimekwisha kusimamishwa mezani na majani yake mdomoni. Kamati ikakutana nyuma ya jiko kufanya shauri. Mmoja akasema watu waambiwe ukweli. Mwenyekiti akasema, "Chakula kimekwisha kupikwa." Shauri likaishia hapo. Likaazimwa joho la kijana wa kijiji cha pili aliyehitimu siku ile ile, naye mwana wa mjane akavikwa, refu kupita kimo chake, akaketishwa mbele. Mshereheshaji akampigia vigelegele. Watu wakapita mmoja mmoja kumvika mashada. Mama yake akacheza, maana watu walikuwa wanamtazama. Jumatatu joho likarudishwa kwa mwenyewe, naye akalirudisha chuoni, kwa kuwa hata yeye alilikodi, na likichelewa hutozwa faini.

Hesabu tuliyoifunga katika daftari ni hii. Chakula na vinywaji, Sh. 900,000/-. Mshereheshaji na vyombo vyake vya muziki, Sh. 350,000/-. Ndafu mbili, Sh. 300,000/-. Maturubai na viti, Sh. 280,000/-. Gari la kukodi, Sh. 200,000/-. Mpiga picha, Sh. 200,000/-. Keki, Sh. 120,000/-. Jumla ni Sh. 2,350,000/- kamili, wala hapana hata shilingi moja iliyopotea. Tulipoisoma mbele ya kamati tulipigiwa makofi.

Tangu siku hiyo cheti cha kijana kimo chuoni. Mwaka 2024 serikali ilipotangaza nafasi za ualimu, wenzake walipeleka maombi yao pamoja na vyeti. Yeye hakuwa na cha kupeleka. Leo anaendesha pikipiki ya mtu mwingine kati ya barabara kuu na soko la ndizi, na wanafunzi wa darasa la saba anaowapakia humwamkia "mwalimu", kwa kuwa waliiona sherehe yake. Deni lake lingalilipwa kwa fedha ya mshereheshaji na ndafu tu, na chakula, gari, picha na keki vingalibaki vyote mahali pake. Kwa hiyo twasema ya kuwa hatukula wali na nyama siku ile. Tulikula cheti.

Huenda msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya kitongoji chenu, msitupakazie sote." Twamwuliza msomaji huyo: je, katika usharika wako ni mara ngapi umepokea kadi ya mchango wa mahafali, na ni mara ngapi umepokea kadi ya mchango wa ada? Akihesabu kwa haki, ataona kwamba ya kwanza amezipokea nyingi hata anazikimbia, na ya pili labda hajaiona tangu kuzaliwa. Mwanafunzi akiwa chuoni ni mtoto wa mama yake. Siku ya joho huwa mtoto wetu sote.

Na vyuo hivi havikuanzishwa kwa ajili ya joho. Yafaa vijana wajue vilikotoka. Wakati nchi yetu ya Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ndipo kilipoanza chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kabla ya hapo aliyetaka elimu ya juu sharti aende Makerere au ng'ambo. Kwa miaka mingi baadaye kazi ya vyuo vikuu ilikuwa ya serikali peke yake. Sheria ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990, makanisa yakaingia. Walutheri waliandikisha Chuo Kikuu cha Tumaini mwaka 1996, nacho kilikuwa na vyuo vishiriki Makumira, Iringa na Moshi. Wakatoliki walianza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998 pale Nyegezi karibu na Mwanza, juu ya msingi wa chuo walichokuwa nacho tangu 1960. Waanglikana walifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka 2007 huko Dodoma, katika majengo yaliyokuwa ya shule ya Mazengo. Huko Uganda, chuo cha Mukono, kilichokuwa kikifundisha wachungaji tangu 1913, kilifanywa Chuo Kikuu cha Kikristo mwaka 1997.

Makumira twaijua zaidi, kwa kuwa ni jirani zetu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Kilikuwa chuo cha wachungaji, kilichoanza Lwandai katika milima ya Usambara mwaka 1947, kikahamia hapo mwaka 1954. Watu waliokianzisha hawakuwa matajiri. Katika miaka ile wazee wetu walikuwa wanauza kahawa. Wenzetu wa Kilimanjaro waliandikisha ushirika wao wa KNCU mwaka 1933, na sehemu ya fedha ya kahawa ilikwenda katika shule na masomo ya vijana. Mzee aliyekatwa senti zake katika kila ratili ya kahawa kwa ajili ya shule hakuliwa wala hakulishwa, hakupigwa picha, pengine hakumjua hata mtoto mmoja atakayesoma kwa senti zake. Sisi wajukuu wake tuna simu mikononi na fedha ndani ya simu, nasi hatutoi mpaka tuambiwe sahani yetu itakuwa na nini.

Twataka kusema kidogo juu ya maisha ya chuoni, maana wazazi wengi huyaona siku moja tu, nayo ni siku iliyopambwa. Chuo kidogo kina baraka zake. Mhadhiri akujua kwa jina, na usipoonekana darasani siku mbili atauliza. Asubuhi kuna ibada fupi kabla ya masomo. Maktaba haina vitabu vingi, lakini vilivyomo vimesomwa hata kurasa zimelegea. Jioni utasikia kwaya tatu zikijifunza nyimbo kwa wakati mmoja, moja chini ya mti, moja kanisani, moja jikoni, na kwa kweli fujo ile twaikumbuka kuliko mihadhara mingi. Huko kijana hujifunza kubishana bila kugombana, na hukaa chumba kimoja na Mnyakyusa na Msukuma na Mhaya, akaacha zile hadithi za kijinga alizozisikia kwao juu ya makabila mengine. Mwanafunzi wa ualimu hupelekwa kufundisha kwa majuma kadha katika shule ya mbali, akasimama kwa mara ya kwanza mbele ya watoto sabini kwa chaki moja. Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Hapana mpiga picha anayeitwa siku hiyo.

Lakini chuo hicho hicho kina majuma yake ya njaa. Mwanafunzi mwenye mkopo hupata fedha ya kujikimu, ambayo wenyewe huiita bumu. Ikichelewa, chuo kizima hukonda. Wanaokaa vyumba vya kupanga nje ya chuo hupika uji asubuhi, nao huo uji huwa ndio chakula cha mchana. Msichana asiye na kodi ya chumba hujaribiwa kwa namna ambayo mzazi wake hapendi kuisikia. Na wako wanaume watu wazima, wengine waketio viti vya mbele makanisani, wanaojua sana ni mwezi gani bumu limechelewa. Ikikaribia mitihani, huja shida kubwa kuliko zote. Asiyemaliza ada hapewi kadi ya mtihani. Tumeona foleni mbele ya dirisha la mhasibu tangu saa kumi na mbili asubuhi, vijana wameshika barua za kuomba wavumiliwe, na wengine wakipiga simu nyumbani, kaka kwa kaka, mjomba kwa mjomba, wakisikia jibu moja tu: "Mwezi huu ni mgumu." Wako wanaofunga begi na kurudi kwao siku hiyo. Hao hatuwajui, kwa kuwa hakuna kamati ya kumpokea mtu aliyerudi bila joho.

Tukiwa wanafunzi, katika mwaka wetu wa pili, mwenzetu mmoja wa sauti ya pili alikuwa karibu kuzuiliwa mtihani. Kwaya yetu ilikuwa imeweka akiba mwaka mzima ili kushona sare mpya, kwa kuwa tulitakiwa kuimba siku ya mahafali mbele ya wageni. Tukakutana, tukabishana sana, tukapiga kura. Ada ikashinda kwa kura chache. Siku ya mahafali tuliimba na nguo zetu za kila siku, huyu kijani, huyu kahawia, na mgeni mmoja alisikika akiuliza kama kwaya hii imekosa mlezi. Yule mwenzetu leo ni mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Hili twalisema kwa aibu, si kwa majivuno: tulipokuwa watoto tusio na kitu tulijua la kufanya, na tulipokuwa watu wazima wenye daftari na kalamu tulisahau.

Na hilo joho lenyewe ni nini? Watu wa pwani walilijua joho kabla ya chuo kikuu kuwako katika nchi hizi. Lilikuwa vazi la nguo nzito, limetariziwa kwa nyuzi za dhahabu, wakilivaa watawala na watu wenye mali juu ya kanzu. Aliyelivaa alitaka watu wajue kwamba yeye si mtu wa jembe. Joho la vyuo vikuu lina asili nyingine. Katika Ulaya ya zamani vyuo kama vile Paris na Oxford vilikuwa mikononi mwa Kanisa, na wanafunzi wake walihesabiwa kuwa watu wa kanisa. Basi walivaa vazi refu la makasisi, ambalo lilifaa pia kwa baridi ya vyumba visivyo na moto. Lilikuwa vazi la mtumishi. Sisi tumelipokea joho la mtumishi, tukalivaa kwa moyo wa lile joho la dhahabu.

Ugonjwa huu sasa umewapata hata watoto wadogo. Nendeni mjini mwezi wa Novemba mkaone. Shule za chekechea zafanya mahafali. Mtoto wa miaka sita, ambaye bado hajui kufunga kamba za viatu, avikwa joho na kofia ya pembe nne, apewa cheti cha kuhitimu, apigwa picha na keki, na mzazi alipishwa joho, picha na keki pia. Kahitimu nini? Kahitimu kuchora duara. Mtoto akizoea hivyo, tena akaona hivyo darasa la saba, na kidato cha nne, na kidato cha sita, atafika chuo kikuu akijua ya kuwa mwisho wa elimu ni keki.

Wako watakaotujibu, nasi twapenda kuwasikiliza. Wa kwanza watasema furaha ni halali, tena hata Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana. Ni kweli. Hatupingi furaha. Mama aliyelea mtoto peke yake kwa miaka ishirini, akauza maziwa ya ng'ombe mmoja ili amsomeshe, ana haki ya kupiga vigelegele hata sauti imkauke, na jirani zake wana wajibu wa kuja kumsaidia kupiga. Lakini vigelegele havina bei. Chai na mikate katika ua, sala ya mchungaji, mzee mmoja kusema neno na kijana kusema asante: yote hayo huwezekana kwa fedha ndogo sana, na majirani wakaja vilevile. Hatusikii kwamba Kana walipeleka kadi za ahadi.

Wengine watasema, "Ada ni kazi ya serikali, iko Bodi ya Mikopo." Bodi iko, imefanya kazi tangu mwaka 2005, na bila hiyo maelfu ya watoto wa wakulima wasingaliona mlango wa chuo. Lakini bodi humpima kila mwombaji kwa uhitaji wake, ikampa kwa kadiri, na wengi hupata sehemu tu ya ada. Wako pia wasiopata. Katika vyuo vya makanisa ada ya mwaka mara nyingi hupita shilingi milioni moja, maana vyuo hivyo huishi kwa ada. Hivyo ile sehemu isiyolipwa na bodi humwangukia mama mwenye ng'ombe mmoja. Tena mkopo si zawadi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwenye mkopo akipata kazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka amalize. Sasa mfikirieni kijana wetu: deni la bodi analo, deni la chuo analo, na cheti ambacho kingemwezesha kulipa yote mawili hana.

Jibu la tatu ndilo gumu, nalo alitupa mwenyekiti wa kamati yetu mwenyewe, mtu tunayemheshimu. Alisema, "Walimu, ninyi hamwajui watu. Mtu hutoa pale atakapokula. Ukimwomba ada atakwambia hana. Ukimwomba ya sherehe atakopa." Twakiri kwamba kwa sehemu asema kweli. Mwenye kutoa ada hapati kiti cha mbele. Hatangazwi na mshereheshaji. Tena mchango wa sherehe ni kama mkopo kati yetu: nami nilikupa kwa mwanao, basi nawe utanipa kwa wangu. Lakini watu hawa hawa walipoezeka kanisa letu kwa mabati mapya walitoa mwaka mzima, na hapana aliyekula bati. Walitoa kwa sababu waliombwa kila Jumapili, majina yakasomwa, na paa likaonekana likipanda. Je, ni nani amewahi kusimama mbele ya usharika akasema, "Vijana wetu sita wako chuoni, na muhula huu wawili wamepungukiwa kiasi hiki"? Hatujasikia. Matangazo ya Jumapili husema habari za mnada wa mazao, na kikundi cha kusaidiana, na mbuzi aliyepotea, na mwaliko wa sherehe ya mhitimu. Basi kabla ya kusema watu hawatoi, na tuwaombe kwanza.

Na vyuo navyo visijifiche nyuma yetu. Tumehudhuria mahafali mahali pengi. Tumeona mgeni rasmi akingojwa muda wa saa tatu, wazazi wamekaa juani nyuma ya kamba, na hema lenye kivuli limejaa watu wenye barua za mwaliko ambao hawakulipa ada ya mtu yeyote. Tumesikia hotuba ndefu za Kiingereza kwa wazazi waliouza ng'ombe, bila sentensi moja ya Kiswahili ya kuwashukuru. Wakuu wa vyuo wajue kwamba shule zao hazina dhahabu chini ya ardhi. Zina hao waliokaa nyuma ya kamba. Katika miaka ya karibu baadhi ya vyuo vidogo vya makanisa vimefungwa kabisa. Majengo yako, milango imefungwa, na katika mojawapo tulilopita majani yalikuwa yameota mbele ya mlango wa maktaba. Sababu zake ni nyingi, nasi si wajuzi wa yote. Ila chuo kinachoishi kwa ada hakiwezi kuishi kwa ada zisizolipwa, na karamu zetu zote za vijijini, tukizijumlisha, haziwapi wahadhiri hata mshahara wa mwezi mmoja.

Basi tumefanya nini? Mwaka huu baada ya Pasaka tulikwenda kwa mama wa kijana. Tulimweleza habari za usiku ule wa Septemba, ambazo hakuwa amezisikia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, ungaliniambia ningaliuza ng'ombe." Hakusema neno jingine la lawama, akatupa ndizi za kuchukua nyumbani. Tukaenda chuoni. Mhasibu akafungua kitabu chake, akatuonyesha deni ni lile lile, halikuongezwa. Akasema likilipwa jina litapelekwa mbele ya Seneti ya chuo katika kikao kinachofuata, na cheti kitatoka.

Tumelichukua daftari lile lile la kamati, tukageuza ukurasa baada ya ile hesabu tuliyopigiwa makofi, tukaandika juu yake neno moja, Ada. Jina la kwanza ni letu, Sh. 100,000/-. La pili ni la mwenyekiti, ambaye alitubishia nusu saa kisha akatoa. Waliokula siku ile walikuwa zaidi ya mia tatu. Walioandika majina mpaka sasa ni arobaini na mmoja. Zimepatikana Sh. 415,000/-, na zimebaki Sh. 225,000/-. Daftari liko kwa mhazini wa usharika, nalo hufunguliwa kila Jumapili baada ya ibada ya pili, kwenye meza ndogo kando ya mlango wa ofisi. Hakuna chakula.